Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Nematodi katika Shamba la Mahindi, Kuanzia Shambani hadi Chini ya Hadubini

Karatasi ya majibu inayosema kwamba udongo una nematodi 760, yaani minyoo midogo mno ya udongoni, katika kila mililita 100 haimwambii mkulima jambo lolote la kufanya. Idadi hiyo hiyo inaweza kutoka katika shamba linalostawi na pia katika shamba ambalo mahindi yamedumaa, kwa sababu nematodi hawana tabia moja. Wako wanaokula bakteria, wako wanaokula kuvu, wako wanaowinda wenzao, na wako wanaotoboa mizizi ya mahindi na kufyonza yaliyomo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa wa ugani, wanafunzi wa kilimo na vikundi vya wakulima wa Nairobi na viunga vyake, ili wakishajua wako wangapi wajue pia ni akina nani. Anayemwaga dawa kabla ya kulijibu swali hilo la pili huwaua walinzi pamoja na wezi.

Viumbe wenyewe

Nematodi wengi wa udongoni wana urefu wa kati ya nusu milimita na milimita moja, na ni wembamba kuliko unywele. Hawana macho wala miguu, na huogelea katika utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo. Udongo ukikauka husimama, na baadhi yao hujikunja na kusinzia hadi mvua irudi. Jambo hili la maji ndilo linaloongoza karibu kila hatua ya kazi hii, tangu siku ya kuchimba hadi namna ya kuwatoa katika udongo.

Hesabu ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kwamba kati ya kila wanyama watano walioko nchi kavu, takriban wanne ni nematodi, na kwamba walio wengi zaidi wako katika nchi za baridi karibu na ncha ya kaskazini, ambako kuna asilimia 38 hivi ya wote, huku ukanda wa joto ukiwa na asilimia 21 hivi. Nalitaja hili kwa sababu nimeona wanafunzi wakichukua takwimu za mashamba ya Ulaya, wakazilinganisha na shamba la Kikuyu au Ruai, na kuhitimisha kwamba udongo wetu umekufa. Shamba la hapa lilinganishwe na shamba jirani la hapa.

Hatua ya kwanza: kuchagua wakati na kuligawa shamba

Chimba udongo ukiwa na unyevu wa kawaida, yaani ukiufinya mkononi unashikana na ukiusukuma kwa kidole unavunjika. Katika mashamba yetu hali hiyo hupatikana wiki chache baada ya mvua ndefu kuanza mwezi Machi au Aprili, na tena katika mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Kwa mahindi, wakati ninaoupendelea ni pale yanapokaribia kutoa mbelewele, kwa sababu mizizi imeenea na walao mizizi wamekwisha kuzaana. Usichimbe katika wiki mbili tatu baada ya kumwaga samadi, kwa kuwa walao bakteria hufurika kwa muda mfupi na kuficha picha ya kawaida ya shamba.

Ligawe shamba kwa jinsi linavyoonekana. Mahali mahindi yamekuwa ya njano na mafupi pawe sehemu moja, na mahali yanapostawi pawe sehemu nyingine, hata kama zote ni za mkulima mmoja na ziko ndani ya ekari moja. Ukizichanganya utapata wastani usioeleza chochote kuhusu sehemu yoyote. Aina ya udongo nayo igawe: udongo mwekundu wa Kabete na Dagoretti usichanganywe na udongo mweusi unaonata wa upande wa Embakasi na Ruai, ambao ukilowa hushika jembe na ukikauka hupasuka nyufa.

Hatua ya pili: kuchimba

Katika kila sehemu tembea kwa kupinda kama herufi W na uchimbe mahali 15 hadi 20. Ondoa majani makavu juu ya udongo bila kuparua, kisha chimba hadi kina cha sentimita 20, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina la mhindi. Bomba la chuma lenye upana wa sentimita mbili na nusu, lililonolewa upande mmoja na kuwekewa mpini, linatosha kabisa, na mafundi wa jua kali pale Kamukunji hulitengeneza mtu akiwachorea. Ukikosa bomba tumia jembe jembamba, lakini uchukue ukanda wa udongo unaolingana tangu juu hadi chini, kwa sababu mkono huwa na tamaa ya kuchota ya juu iliyo laini.

Weka yote katika ndoo safi na uchanganye kwa mikono taratibu, ukivunja mabonge bila kuyasaga. Nematodi wakubwa, hasa wawindaji, hukatika wakisagwa, na wakikatika hutawaona tena. Kutoka katika mchanganyiko huo chukua kama nusu kilo. Ng'oa pia mimea mitatu au minne kutoka sehemu hiyo hiyo na ukate mizizi yake myembamba. Rudia mzunguko wote mara tatu katika kila sehemu, uwe na sampuli tatu zinazojitegemea, kwani sampuli moja haiwezi kuonyesha kama tofauti uliyoiona ni ya shamba au ni ya bahati.

Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, sisi hutumia mikebe yenye kifuniko, ile ya siagi au ya maziwa ya mgando iliyooshwa vizuri. Bahasha ya kaki haifai hata kidogo, kwa kuwa hunyonya unyevu. Andika kwa penseli jina la shamba, sehemu, tarehe na zao, nje ya mkebe na pia kwenye kikaratasi cha ndani.

Hatua ya tatu: kusafirisha na kuhifadhi

Hatua hii ni fupi, lakini ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Wakati mmoja nilitoka Ruai na sampuli kumi na mbili, nikaziacha katika buti la gari lililoegeshwa juani kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana. Siku mbili baadaye, chini ya hadubini, karibu hapakuwa na kitu. Nilikuwa tayari nimeanza kuandika kwamba shamba lile halina nematodi, ndipo nikakumbuka joto la lile buti. Nilirudi kuchimba upya nikiwa na sanduku la baridi, na mara hii walijaa. Nematodi aliyekufa hatambai, na asiyetambaa hatoki katika udongo kwa njia tutakayoitumia hapa chini. Ripoti ile ingefika, mkulima angeambiwa jambo la uongo kwa maandishi.

Weka mikebe kivulini mara tu inapojaa, ndani ya sanduku la baridi, na barafu isiguse mikebe. Nyumbani au maabara, nyuzijoto 10 hivi ndizo bora. Baridi kali ya juu ya friji huwadhuru nematodi wa nchi za joto, hasa wale wa mafundo ya mizizi, hivyo tumia droo ya chini ya mboga na uifunike mikebe kwa gazeti. Anza kazi ndani ya wiki moja.

Hatua ya nne: kuwatoa nematodi katika udongo

Mwaka 1917 daktari Gustav Baermann, alipokuwa akitafuta viluwiluwi vya minyoo ya safura katika udongo wa Java, alitumia faneli yenye maji ya uvuguvugu. Wataalamu wa kilimo waliichukua mbinu hiyo, kisha ikageuzwa kuwa trei bapa ambayo mtu yeyote anaweza kuipanga mezani. Unahitaji beseni pana, chekecheke au kikapu cha plastiki kinachoingia ndani ya beseni bila kugusa chini, na karatasi za tishu zisizo na marashi.

Tandika tishu tabaka mbili ndani ya chekecheke. Pima mililita 100 za udongo uliochanganywa na uutandaze juu ya tishu kwa unene usiozidi nusu sentimita. Kisha mimina maji pembeni, katika nafasi iliyo kati ya chekecheke na ukuta wa beseni, hadi udongo ulowe kutoka chini na kung'aa juu. Usimimine maji juu ya udongo, kwani tishu itachanika na tope litashuka. Funika kwa trei nyingine na usiisogeze. Nematodi walio hai watajipenyeza kupitia tishu na kuzama chini ya maji, huku udongo ukibaki juu.

Saa 48 zinatosha siku za kawaida. Miezi ya Juni na Julai, wakati usiku wa Nairobi hushuka hadi nyuzijoto 12 au chini yake, nematodi hutambaa polepole mno, hivyo acha saa 72 au uiweke trei katika chumba chenye joto. Lililo muhimu ni kwamba sampuli zote unazolinganisha zipewe muda ule ule na joto lile lile.

Muda ukitimia, inua chekecheke, liache lichuruzike, na umimine maji ya beseni katika glasi ndefu. Mwenye chujio la maabara lenye matundu ya maikromita 25 hadi 38 alitumie kuyapunguza maji mara moja. Asiye nalo aache glasi mahali pa baridi usiku kucha, kisha avute maji ya juu kwa mpira mwembamba hadi zibaki mililita 20. Udongo mwekundu hupitisha ungaunga unaoyachafua maji. Dawa yake ni tabaka jembamba zaidi la udongo na subira ya kuyaacha maji yatulie.

Mbinu hii ina upungufu ambao lazima uandikwe katika ripoti. Wanaotambaa kwa shida, kama wale wenye mwili mnene uliojaa pingili, hutoka wachache, na majike ya Heterodera yaliyogeuka kuwa vifuko vigumu vya mayai hayatoki kabisa.

Hatua ya tano: mizizi isisahauliwe

Nematodi wa madoa ya mizizi, Pratylenchus, ambaye spishi yake ijulikanayo sana katika mahindi ni Pratylenchus zeae, huishi ndani ya mzizi. Mahindi yakiwa shambani, udongo unaweza kuwa na wachache huku mizizi imejaa. Osha mizizi, tazama madoa ya kahawia yaliyorefuka, ikatekate vipande vya sentimita moja, pima gramu 10, na uisage katika blenda pamoja na maji kwa sekunde 10 tu. Kisha ifanyie kama ulivyoufanyia udongo katika trei.

Kama mahindi yamechanganywa na maharagwe, ng'oa maharagwe pia. Hapa wakulima wengi hukosea, kwa kuwa maharagwe huwa na vinundu vyake vya kawaida vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Kinundu cha bakteria kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa ukucha kinang'oka, na ukikipasua ndani mwake ni rangi ya waridi. Fundo la nematodi wa jenasi ya Meloidogyne ni mzizi wenyewe uliovimba, na ukilazimisha kuling'oa unakata mzizi.

Hatua ya sita: kuhesabu

Tikisa glasi taratibu, vuta mililita moja kwa bomba dogo, uimimine katika kisahani chenye mistari, na uhesabu kwa hadubini ya kukuza mara 40. Fanya hivyo mara tatu. Tuseme umepata 34, 41 na 39. Wastani ni 38, na kwa kuwa maji yote ni mililita 20, jumla ni 760 katika mililita 100 za udongo. Hii ndiyo ile idadi ya mwanzo wa mwongozo, na watu wengi huishia hapa.

Hatua ya saba: kutambua kwa kutazama mdomo

Zamisha chupa yenye nematodi katika maji ya nyuzijoto 60 kwa dakika mbili. Watakufa wakiwa wametulia, na namna wanavyolala ni alama ya kwanza: Helicotylenchus hujikunja kama springi, Pratylenchus hulala karibu amenyooka. Atakayetaka kuwahifadhi kwa muda mrefu hutumia formalini, lakini hiyo ni sumu na ni kazi ya maabara yenye hewa ya kutosha na glavu. Kwa kutambua jenasi utahitaji hadubini ya kukuza mara 400 na zaidi. Kama huna, omba kutumia ya chuo chenye idara ya kilimo.

Tambua angalau nematodi 150 kwa kila sampuli, ukiwachukua jinsi wanavyokuja bila kuchagua wakubwa au wazuri. Anza na mdomo, maana mdomo wa nematodi ndio unaoeleza chakula chake.

Ukiona mrija mtupu ulio wazi, kama bomba la kunywea soda, huyo anameza bakteria. Wa familia ya Rhabditidae wako hivyo. Acrobeles naye hula bakteria, ila midomo yake ina vitawi kama manyoya ya shada, na mwanafunzi akimwona mara ya kwanza kwa kawaida huita wenzake waje watazame.

Ukiona mkuki mdogo mdomoni, ambao wataalamu huuita staileti, tazama shina lake. Ukiwa na vifundo vitatu vya mviringo na ni imara, yaelekea ni mla mimea. Pratylenchus ana mkuki mfupi mnene, kichwa bapa kilichokolea rangi, na mkia butu. Mtoto wa Meloidogyne ni mwembamba, urefu wake ni sehemu nne za kumi za milimita hivi, na ncha ya mkia wake ni angavu kama kioo. Mkuki mwembamba usio na vifundo dhahiri, pamoja na tufe kubwa la misuli linaloujaza mwili kooni, ni alama za Aphelenchus, mla kuvu.

Mkuki uliokatwa mshazari kama sindano ya daktari, katika mwili mkubwa, ni wa jamii ya Dorylaimida, ambao wengi wao hula mchanganyiko wa vitu. Hapa chukua tahadhari: Xiphinema na Longidorus wamo katika jamii hiyo hiyo, lakini mkuki wao ni mrefu mno na wanakula mizizi. Mwisho, ukiona mdomo mpana kama pipa wenye jino moja kubwa upande wa mgongo, umempata Mononchus au ndugu yake, mwindaji wa nematodi wengine. Wakati mwingine utaona ndani ya tumbo lake mkuki wa nematodi aliyemezwa, umebaki mzima.

Wale wenye mkuki dhaifu na mkia mrefu kama uzi, kama Filenchus, waandikwe kando. Baadhi hula kuvu, baadhi hudokoa vinyweleo vya mizizi, na kuwasukuma wote upande wa maadui huipotosha ripoti.

Hatua ya nane: kutoka majina hadi maana

Mwaka 1990 Tom Bongers wa Uholanzi alipendekeza fahirisi ya ukomavu, yaani kipimo cha jinsi udongo ulivyotulia bila kuvurugwa. Kila familia hupewa alama kuanzia 1 hadi 5: alama 1 ni wale wanaozaana haraka chakula kikijaa, kama Rhabditidae, alama 2 ni wavumilivu wa kawaida, kama Cephalobidae (familia ya Acrobeles) na Aphelenchidae (familia ya Aphelenchus), alama 3 ni wa katikati, na 4 na 5 ni wale wanaozaa polepole na kuumia udongo ukivurugwa, wakiwamo wawindaji na Dorylaimida wakubwa. Walao mimea hawaingizwi katika hesabu hii.

Tuchukue mfano wa mashamba mawili ambayo yote yana nematodi 760. Katika shamba la kwanza, kati ya 150 waliotambuliwa, 50 ni walao mimea na 100 ni wengineo: 30 wa alama 1, 45 wa alama 2, 5 wa alama 3, 15 wa alama 4 na 5 wa alama 5. Zidisha na kujumlisha: 30 na 90 na 15 na 60 na 25 ni 220, gawanya kwa 100, fahirisi ni 2.2. Katika shamba la pili, 110 ni walao mimea na 40 ni wengineo, 24 wa alama 1 na 16 wa alama 2, hakuna zaidi. Jumla ni 56, gawanya kwa 40, fahirisi ni 1.4. Shamba la kwanza limepata mbolea, na bado lina wawindaji na walao mchanganyiko. La pili limebaki na walao mizizi pamoja na wale wa haraka tu, na hakuna wa kuwadhibiti.

Wengine huongeza fahirisi ya Shannon, inayopima wingi wa aina na usawa wake. Ni nzuri, lakini mimi siitegemei peke yake, kwa sababu haitofautishi kati ya mlinzi na mwizi: shamba lenye aina nane za walao mizizi litapata alama ya juu.

Hatua ya tisa: uamuzi

Pratylenchus zeae anapenda jamii ya nyasi. Mkulima anayeacha mahindi akapanda mtama au wimbi anamhamishia mezani pengine, na magugu ya nyasi yakiachwa shambani baada ya mavuno humlisha hadi msimu ujao. Badilisha kwa zao lisilo la nyasi, kisha pima mizizi ya zao hilo kabla ya kulisifu. Dhidi ya Meloidogyne, marejea, ndugu ya mitoo tunayopika mboga, ni mmea unaojulikana kwa kumnyima nafasi ya kuzaa, lakini usitarajie imzuie Pratylenchus vivyo hivyo.

Samadi iliyoiva na mboji huwalisha walao bakteria na kuvu, nao huwalisha wawindaji. Kulima kidogo, kwa kuchimba mashimo ya kupandia tu badala ya kugeuza shamba zima, huwaacha wa alama 4 na 5 wakae. Hawa hawarudi msimu mmoja. Wape miaka kadhaa, na umweleze mkulima hivyo tangu mwanzo ili asikate tamaa. Shamba la kwanza katika mfano wetu halihitaji dawa ya kuua nematodi. La pili linahitaji kubadilishiwa zao na kulishwa udongo wake, na hata hapo ningeangalia kwanza hesabu ya mizizi.

Kabla ya kwenda shamba jingine, osha bomba, jembe na nyayo za viatu, kwani tope kidogo tu linatosha kuhamisha Meloidogyne. Andika katika daftari mistari ya W uliyopita, hatua ya ukuaji wa mahindi, na siku ngapi zimepita tangu mvua ya mwisho. Utakaporudi kupima tena, linganisha mvua ndefu na mvua ndefu, mbelewele na mbelewele.